Munganga Muyembe: kutoka Yambuku mpaka Beni

Profesa Jean-Jacques Muyembe Tamfum ni munganga wa Kongo aliyepigana na Ebola tangu wakati ugonjwa huo haujapata hata jina. Raia wa Beni na Butembo walimfahamu zaidi mwaka 2019, lakini njia iliyomleta huku ilianza mbali.

Alizaliwa mwaka 1942, akasoma udaktari Lovanium, Kinshasa, kisha mambo ya virusi kule Leuven, Ubelgiji. Mwaka 1976 serikali ilimtuma Yambuku, katika Equateur, ambako watu walikuwa wanakufa kwa homa isiyojulikana. Alitoa wagonjwa damu bila glavu. Alipochomoa sindano, damu haikukatika, ikamchafua mikono. Alinawa na maji na sabuni tu, na hakuugua. Sista mmoja mugonjwa alikubali kwenda naye Kinshasa. Damu yake ilitumwa Antwerp, na kule labo ikaona virusi vipya. Vilipewa jina la mto Ebola.

Mwaka 1995 Ebola ilipiga Kikwit. Muyembe na wenzake waliwaza hivi: mutu aliyepona, damu yake imejua namna ya kupigana. Wagonjwa 8 waliwekewa damu ya waliopona, na 7 kati yao wakapona. Wataalamu wengi wa nje walikuwa na mashaka, kwa sababu wagonjwa walikuwa wachache na hakukuwa na kikundi cha kulinganisha.

Wazo halikufa. Miaka baadaye, watafiti walichukua damu ya mutu mmoja aliyepona Kikwit, wakapata ndani yake kingamwili, yaani askari wa mwili, na kutengeneza dawa iitwayo mAb114.

Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa ulitangazwa Mangina. Mwezi wa Novemba dawa zilianza kulinganishwa Beni, kisha Butembo, Katwa na Mangina, katika utafiti ulioitwa Pamoja Tulinde Maisha. Wagonjwa 681 waliingia. Agosti 2019 jibu likatoka: mAb114 na REGN-EB3 zilizidi nyingine. Kwa mAb114, walikufa kama 35 kwa 100; kwa ZMapp, 50. Waliofika mapema, virusi vikiwa bado kidogo mwilini, walikufa kama 10 tu kwa 100.

Lakini dawa haimponyeshi mutu anayeogopa kuja. Raia walikuwa wamechoka na mauaji ya miaka mingi, na Desemba 2018 Beni na Butembo waliambiwa hawatapiga kura kwa sababu ya Ebola. Wengi wakasema ni siasa. Tarehe 19 Aprili 2019, Daktari Richard Mouzoko kutoka Kameruni aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali ya chuo kikuu cha Graben, Butembo.

Mwezi wa Julai Muyembe alipewa kuongoza kikosi cha riposte. Washindi wa Ebola, wenyeji waliopona, walikuwa tayari wanalea watoto wa wagonjwa na kueleza majirani mambo waliyoyaona wenyewe.

Ugonjwa huo ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeua watu zaidi ya 2,200. Desemba mwaka huo mAb114, kwa jina la Ebanga, ilikubaliwa Marekani. Imetoka katika damu ya mutu wa Kikwit, na ni wagonjwa wa Beni na Butembo walioonyesha kwamba inaponyesha.