Sera za Chuo Kikuu: Kutungwa, Kuidhinishwa na Kutunzwa kwake katika Fizi na Baraka

Sera ya chuo kikuu ni msimamo ulioandikwa na kuidhinishwa na chombo chenye mamlaka, unaoifunga taasisi nzima, kuanzia rekta na walimu hadi watumishi na wanafunzi, juu ya jambo linalojirudia kila mwaka, kama vile udahili, ada, mitihani, utafiti, nidhamu na matumizi ya mali ya chuo. Sera husema chuo kinataka nini na kwa sababu gani. Kanuni hueleza lililoruhusiwa, lililokatazwa na adhabu yake. Utaratibu huonyesha nani afanye nini, kwa karatasi ipi na ndani ya siku ngapi. Katika vyuo vya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mipaka hiyo mitatu mara nyingi huchanganyika, kwa kuwa mengi hukusanywa katika hati moja, yaani kanuni za ndani, na yanayobaki hutoka kama maamuzi ya rekta yanayobandikwa kwenye ubao wa matangazo, ambao wanafunzi huuita valvu. Mchanganyiko huo una madhara yake, kwani karatasi ya valvu huraruka au kuloa mvua, na baada ya miaka miwili hakuna awezaye kueleza kama ilikuwa amri ya kudumu au tangazo la wiki moja.

Eneo linalozungumziwa hapa ni teritwari ya Fizi, iliyo kusini mwa jimbo la Kivu Kusini kando ya Ziwa Tanganyika, yenye sekta nne za Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja, pamoja na Baraka, iliyopewa hadhi ya mji kwa dekreti ya mwaka 2013. Elimu ya juu katika eneo hili ni changa ikilinganishwa na ile ya Bukavu au Kisangani, na taasisi zake, mojawapo ikiwa Université Espoir du Congo ya Baraka, zimekua mahali ambapo vita vya 1996 na 1998 viliwatawanya watu hadi ng'ambo ya ziwa, mkoani Kigoma nchini Tanzania. Barabara ya taifa namba 5, inayotoka Bukavu kupitia Uvira na Baraka kuelekea Kalemie, ndiyo njia kuu ya walimu wageni, vitabu na barua za wizara, nayo wakati wa mvua hupitika kwa shida. Hali hizi ni sehemu ya mada yenyewe, kwa sababu sera ya chuo hutungwa na watu wenye idadi ndogo ya maprofesa wa kudumu, walio mbali na Kinshasa, na ambao kumbukumbu zao zimewahi kuteketea.

Chuo cha Kongo hakitungi sera katika uwanja mtupu. Juu yake ipo Katiba ya mwaka 2006, kisha Sheria-mama ya elimu ya taifa namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, kisha maagizo ya Rais na ya waziri, na mwishoni Maelekezo ya Kitaaluma, yaani waraka ambao Wizara ya Elimu ya Juu na Vyuo Vikuu huutoa kila mwaka kupanga kalenda, udahili, ada na mitihani kwa nchi nzima. Kanuni ya chuo ikipingana na ngazi yoyote kati ya hizo haina nguvu, hata kama imepigiwa kura na baraza zima. Uzito huu wa Kinshasa una historia. Vyuo vikuu vitatu vya kwanza vilianzishwa vikiwa na waasisi tofauti: Lovanium ya Wakatoliki mwaka 1954, chuo cha serikali cha Elisabethville (leo Lubumbashi) mwaka 1956, na kile cha Waprotestanti cha Stanleyville (leo Kisangani) mwaka 1963. Mwaka 1971 utawala wa Mobutu uliviunganisha vyote kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, chenye rekta mmoja na makampasi matatu, na tangu hapo chuo kilizoea kupokea maamuzi kuliko kuyatunga. Muungano huo ulivunjwa mwaka 1981, vyuo vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani vikarudishiwa nafsi zao, lakini mazoea hayakuvunjika kwa amri. Vyuo vya binafsi viliporuhusiwa kuelekea mwisho wa miaka ya 1980, Bukavu ilipata Chuo Kikuu cha Kikatoliki mwaka 1989 na Université Evangélique en Afrique mwaka 1991, na chuo cha umma kilichoanza mwaka 1993 kama tawi la Kisangani kikajitegemea mwaka 2004 kwa jina la Université Officielle de Bukavu. Taasisi za Uvira, Baraka na Fizi zilizofuata ziliona katika majirani hao namna ya kupanga ofisi, vitivo na kanuni.

Mfumo wa mwaka 1981 uliweka ngazi za uamuzi ambazo bado zinatambulika karibu kila mahali nchini. Chini kabisa ipo idara, juu yake Baraza la Kitivo, kisha Kamati ya Usimamizi, inayomjumuisha rekta, katibu mkuu wa masomo, katibu mkuu wa utawala na msimamizi wa bajeti, na juu ya kamati hiyo Baraza la Chuo, ambamo wakuu wa vitivo na wawakilishi wa makundi ya chuo huketi pamoja na wanakamati. Kamati ya Usimamizi huendesha chuo siku hadi siku na kwa kawaida ndiyo huandaa rasimu. Baraza la Chuo ndilo mahali pa kujadili na kupitisha mambo yanayogusa taasisi nzima. Katika chuo cha umma viongozi wa kamati huteuliwa na mamlaka ya dola. Katika chuo cha binafsi nyuma ya vyombo hivi yupo mwanzilishi, ambaye anaweza kuwa kanisa, shirika au kundi la wenyeji, na ndiye mwenye majengo na fedha. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote katika vyuo vidogo: ikiwa hati ya kuanzishwa kwa chuo haisemi wazi kwamba alama, mitihani na utoaji wa vyeti ni mamlaka ya vyombo vya kitaaluma pekee, mwanzilishi huweza kubadili kwa simu moja kile ambacho baraza lilikijadili kwa siku mbili.

Safari ya sera huanza pale tatizo linapojirudia kiasi kwamba kulitatua kila mara kwa hisani ya kiongozi kunaleta upendeleo. Mtu au ofisi moja hupewa jukumu la kuandika rasimu na kubaki mwenye kuiwajibikia hata baada ya kupitishwa. Rasimu hupelekwa kwa wale watakaoishi nayo, husomwa na mwenye kujua sheria ili isigongane na maelekezo ya wizara, hurudishwa kwa marekebisho, kisha hupelekwa barazani. Kati ya hatua hizi, inayorukwa mara nyingi zaidi ni ile ya kusikiliza, nayo ndiyo yenye thamani kubwa zaidi, jambo linaloonekana vizuri katika suala la ada, au minervali kama watu wengi wanavyoiita. Familia nyingi za Baraka na vijiji vya ufukweni huishi kwa ndagala, samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na uvuvi huo hupungua au kusimama mwezi unapokuwa mpevu kwa sababu mwanga wa taa haushindi ule wa mbalamwezi. Familia za milimani hupata fedha wakati wa mavuno ya mihogo, mahindi au karanga. Kamati ikipanga tarehe za awamu za malipo bila kuuliza lolote, tarehe hizo zaweza kuangukia siku ambazo mzazi hana hata senti, na mwanafunzi akafukuzwa mtihanini kwa kosa la kalenda. Kiwango cha ada kwa sehemu kubwa hufungwa na maelekezo kutoka juu na gharama za chuo, lakini idadi ya awamu, tarehe zake, na hatima ya mtu aliyelipa nusu ni mambo ambayo chuo chenyewe kinaweza kuyapanga kwa haki, kwa kuwauliza wanafunzi, wazazi na mhasibu kabla ya mwaka kuanza.

Yapo pia mambo ambayo chuo hakiwezi kuyaamua hata kikitaka, na sera nzuri hukiri mpaka huo waziwazi. Kijana aliyesomea katika kambi ya Nyarugusu nchini Tanzania na kurejea Fizi, au mkimbizi wa Burundi anayeishi katika kambi ya Lusenda iliyofunguliwa mwaka 2015, anaweza kufika na karatasi pungufu au cheti cha nchi nyingine. Kuthibitisha diploma ya Taifa, au kutoa usawa wa cheti cha kigeni, ni kazi ya dola, na chuo kinachojitwalia kazi hiyo humwandalia mwanafunzi msiba wa miaka mitano baadaye, cheti chake kitakapokataliwa. Hata hivyo, chuo kinaweza kutunga utaratibu wa jinsi faili linavyopokelewa, muda gani mwanafunzi anapewa kukamilisha karatasi, na ofisi ipi itamsaidia kuandika kwa wizara, ili asizungushwe mlango kwa mlango.

Nchi jirani zimeyagawa mamlaka haya kwa namna tofauti kidogo. Nchini Tanzania, chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, vyuo husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, na ndani ya chuo Seneti hushughulikia mambo ya kitaaluma ilhali Baraza hubeba dhamana ya taasisi kwa jumla. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2012 na Uganda ya mwaka 2001. Chuo Kikuu cha Makerere cha Uganda kinatoa mifano miwili inayostahili kusomwa Baraka. Mwaka 1990 chuo hicho kilianza kuwaongezea waombaji wa kike alama 1.5 za udahili, uamuzi mfupi ambao ulibadili sura ya madarasa yake kwa miaka mingi. Na mwaka 2006 kilipitisha sera na kanuni dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia, kikazirekebisha mwaka 2018 baada ya kuonekana kwamba zile za awali hazikutosha. Mwaka huohuo wa 2006 Kongo ilitunga sheria namba 06/018 inayoadhibu ukatili wa kijinsia, ukiwemo usumbufu wa kingono. Sheria ya nchi ikishakuwapo, chuo kinabakiwa na kazi ya kuonyesha msichana anayedaiwa mwili na mwalimu kwa ajili ya alama aende wapi, apokelewe na nani asiye chini ya mwalimu huyo, na mtihani wake usahihishwe upya na nani. Bila maelezo hayo sheria hubaki Kinshasa na mwanafunzi hubaki peke yake.

Kutunza sera ni kazi ngumu kuliko kuitunga. Ushahidi wa karibu ni mageuzi ya LMD, mfumo wa shahada ya kwanza, uzamili na udaktari, ambao wizara iliuamuru kwa vyuo vyote kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022. Chini ya mfumo wa zamani mwanafunzi alisoma miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence. Chini ya mpya licence yenyewe ni miaka mitatu yenye krediti 180, yaani vipimo vya kazi ya mwanafunzi, 60 kwa kila mwaka. Badiliko hilo halikuhusu majina tu. Kanuni za kuvuka mwaka, za somo lililoshindwa na kubebwa kwenda mwaka unaofuata, za muhula, za kazi za mwisho na hata za malipo ya walimu wageni zilipaswa kuandikwa upya, na kwa kipindi fulani makundi mawili ya wanafunzi yaliishi katika chuo kimoja chini ya kanuni mbili. Chuo ambacho kila sera yake ilikuwa na namba, tarehe ya kuanza, ofisi inayoiwajibikia na mwaka wa kupitiwa upya kilijua cha kufuta na cha kubakiza, ilhali kile kilichotegemea kumbukumbu za katibu mmoja kililazimika kukisia. Tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 haja hiyo imeongezeka, kwa kuwa mwanafunzi wa Baraka anayetaka kuendelea Kigoma, Bujumbura au Kampala huulizwa kanuni zilizompa alama zake.

Lugha nayo ni sehemu ya utunzaji. Katiba inakitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na hati zenye nguvu ya kisheria huandikwa kwa Kifaransa. Hakuna sheria inayokataza chuo kuandaa muhtasari wa Kiswahili wa kanuni za ada, mitihani na nidhamu na kuusoma mbele ya wanafunzi wapya na wazazi wao, ambao wengi huzungumza Kiswahili na Kibembe nyumbani. Mlinzi wa geti, mpishi na mzazi wanafungwa na kanuni hizo kama afungwavyo profesa.

Linabaki suala la mahali pa kuweka karatasi. Vita vya miaka ya 1990 viliharibu kumbukumbu za ofisi nyingi za Kivu, na mwezi Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na serikali ya jimbo kuhamia Uvira, taasisi zilikumbushwa tena kwamba ofisi yaweza kufungwa kwa siku moja. Rejista ya sera, yaani daftari linaloorodhesha kila sera, namba yake, chombo kilichoipitisha, tarehe na marekebisho yake, haigharimu zaidi ya daftari lenyewe na saa chache za katibu. Nakala tatu zenye sahihi na muhuri, moja katika ofisi ya katibu mkuu wa masomo, moja maktabani ambako mwanafunzi anaweza kuisoma, na moja nje ya Fizi kwa taasisi rafiki, ni jambo ambalo kila chuo cha Baraka kinalimudu leo, na viongozi wake wanaombwa kulitimiza kabla ya kuitisha kikao cha kutunga sera nyingine.