Pwani Hii Iliwahi Kuchemka! Ushahidi Uko Chini ya Udongo wa Kilwa

Mvuvi wa Wete akirudi na dau lake saa nane mchana, kilio chake ni jua. Sasa vuta picha bahari yenyewe ina joto la digrii 40, moto kuliko maji ya kumwogeshea mtoto. Si stori ya kijiweni hii. Ilitokea pwani hii hii ya Afrika Mashariki, miaka milioni 56 iliyopita.

Ukitafuta ushahidi huo juu ya ardhi ya Pemba utachoka bure. Mawe ya kisiwani ni machanga, hayajafika hata nusu ya umri huo. Inabidi uvuke bara, ushuke kusini mpaka Kilwa. Huko kuna udongo wa mfinyanzi uliotuama chini ya bahari enzi hizo, baadaye ukainuka ukawa nchi kavu. Watafiti wa Tanzania na Uingereza walichoronga, wakautoa mrefu kama mchi, wakausoma tabaka kwa tabaka.

Ndani wakakuta nta ya majani! Miti ya nchi kavu ilikufa zamani, ila nta yake ilisombwa na maji hadi baharini ikahifadhika. Majibu yaliyotoka 2008 yalionyesha kaboni nyingi mno iliingia hewani. Nchi ikawa kavu, halafu mvua za ghafla zikashuka na kuzoa udongo. Ukame, kisha mafuriko.

Mwaka 2014 yakaja mengine. Kuna vijidudu vya baharini vyenye magamba, vidogo kama chembe ya mchanga. Kwenye tabaka la kipindi kile cha joto, wale wanaoelea juu ya maji wanakuwa adimu kabisa. Watafiti wakasema huenda maji ya juu yalivuka digrii 40, na viumbe hao wakashindwa kuishi.

Na haikuwa Kilwa tu, dunia nzima ilipanda kama digrii 5 au zaidi. Kule Wyoming, Marekani, mifupa inaonyesha farasi wa kale, ambao tayari walikuwa wadogo, walipungua mwili kwa karibu asilimia 30. Balaa.

Kinachotisha ni hiki. Kaboni ile ilipanda kwa maelfu ya miaka. Ya leo, ya viwanda na magari, inakadiriwa kupanda kama mara kumi zaidi kwa kasi. Wahenga walishasema, haraka haraka haina baraka.

Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, maji ya chumvi tayari yanaingia mashambani. Enzi zile dunia ilichukua zaidi ya miaka laki moja kupoa. Mkulima wa Panza anahesabu misimu tu.

Wadau wa Pemba, huko kwenu bahari imefika wapi?