Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Tamasha la Salzburg na Mpaka wa Marki Elfu Moja

Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Maana yake ni kwamba ujio wa mgeni huweza kuleta nafuu kwa yule anayempokea. Katika makala haya, mwanafunzi mpendwa, tutaipima methali hiyo kwa historia ya Salzburg, mji wa Austria ulio mpakani mwa Ujerumani. Kila mwaka, katika majira ya kiangazi, maelfu ya wageni hufika huko kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja: mchana hutembelea mji wa kale, na jioni huhudhuria tamasha la muziki na tamthilia. Safari ya namna hii huonekana kuwa starehe tupu. Hata hivyo, katika miaka ya 1930 iligeuzwa kuwa silaha ya taifa moja dhidi ya jirani yake.

Kwa karne nyingi Salzburg ilitawaliwa na maaskofu wakuu, ambao waliijengea makanisa, makasri na viwanja vipana. Ngome yake, Hohensalzburg, iliyo juu ya kilima, ilianza kujengwa mwaka 1077. Katika mtaa wa Getreidegasse ndiko alikozaliwa mtunzi wa muziki Wolfgang Amadeus Mozart, tarehe 27 Januari 1756. Enzi ya maaskofu ilipokwisha, mji ulibadilisha watawala mara kadhaa hadi ulipokuwa sehemu ya Austria mwaka 1816. Mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia, dola kubwa ya Austria na Hungaria ilivunjika. Austria ikabaki nchi ndogo, yenye njaa, isiyo na hakika ya kesho yake.

Katika hali hiyo ngumu, mwelekezi wa tamthilia Max Reinhardt, mwandishi Hugo von Hofmannsthal na mtunzi Richard Strauss walikuwa miongoni mwa waasisi wa tamasha jipya. Tarehe 22 Agosti 1920, tamthilia ya Hofmannsthal iitwayo Jedermann, yaani “kila mtu”, iliigizwa mbele ya kanisa kuu, chini ya anga wazi. Ni kisa cha tajiri anayeitwa na Mauti. Reinhardt aliufanya mji wenyewe kuwa jukwaa: sauti za kumwita tajiri huyo zilitoka kwenye minara ya makanisa na hata kule ngomeni. Mtazamaji hakuweza kutenganisha tamthilia na mji alioutembelea.

Miaka iliyofuata, opera na maonyesho ya okestra yaliongezwa. Mwaka 1925 jengo lililokuwa la mafunzo ya farasi wa askofu mkuu liligeuzwa kuwa ukumbi wa tamasha. Mwaka uliofuata, uwanja wa farasi uliochongwa katika mwamba wa mlima nao ukaanza kutumika kwa maonyesho. Lakini si kila mwenyeji alifurahi. Chakula kilikuwa haba, na baadhi ya wakazi walinung’unika kwamba wageni wangekimaliza. Mwaka 1924 tamasha halikufanyika kabisa. Aliyesimama imara kulitetea ni Franz Rehrl, gavana wa jimbo hilo kuanzia 1922 hadi 1938. Alitumia fedha za umma kuliokoa tamasha kutoka katika madeni. Aliunga mkono pia ujenzi wa barabara ya milimani ya Grossglockner, iliyofunguliwa mwaka 1935, ili mgeni aliyekuja kusikiliza muziki apate pia kuizuru nchi. Hoteli, mikahawa na maduka yakaanza kutegemea kipato cha kiangazi.

Utegemezi huo ndio uliolengwa na jirani. Adolf Hitler alishika madaraka nchini Ujerumani mwezi Januari 1933. Serikali ya Austria ilipowabana wafuasi wa chama chake cha Nazi, alijibu kwa sheria ya ajabu: kuanzia Juni 1933, kila Mjerumani aliyetaka kwenda Austria kwa matembezi alilazimika kulipa marki 1,000. Kiasi hicho kilikuwa sawa na mshahara wa miezi kadhaa wa mfanyakazi wa kawaida. Wajerumani walikuwa kundi kubwa zaidi la watalii wa kigeni nchini Austria. Sasa mlango ulifungwa bila risasi hata moja kufyatuliwa. Mwenye hoteli wa Salzburg, ambaye huenda hakuwahi kujishughulisha na siasa, alijikuta ndani ya ugomvi wa serikali mbili.

Mji haukukata tamaa. Uligeukia wageni kutoka Uingereza, Ufaransa, Marekani na kwingineko. Kuanzia mwaka 1934 kiongozi mashuhuri wa okestra kutoka Italia, Arturo Toscanini, aliyeupinga ufashisti, alishiriki tamasha hilo na kulipa sifa mpya. Hata hivyo, tusiipambe historia. Serikali ya Austria iliyojinasibu kwa utamaduni huo haikuwa ya kidemokrasia. Ilikuwa imelifunga bunge na kuvipiga marufuku vyama vya upinzani.

Ada ya marki 1,000 iliondolewa mwaka 1936 baada ya mapatano ya serikali hizo mbili, lakini nafuu haikudumu. Mwezi Februari 1938, Austria iliposalimu amri mbele ya madai ya Hitler, Toscanini alijiondoa katika tamasha. Tarehe 12 Machi majeshi ya Ujerumani yakavuka mpaka. Siku ya 30 Aprili vitabu vilichomwa moto katika uwanja wa Residenzplatz, hatua chache tu kutoka kanisa kuu. Jedermann ikaondolewa jukwaani. Reinhardt, aliyekuwa Myahudi, alinyang’anywa kasri lake la Leopoldskron, na akafariki uhamishoni New York mwaka 1943. Muziki uliendelea kupigwa Salzburg, lakini mmoja wa wale walioualika ulimwengu kuusikiliza hakuwa tena na nafasi katika mji huo.

Tamasha lilifufuliwa mwezi Agosti 1945, mji ukiwa chini ya jeshi la Marekani, na mwaka uliofuata Jedermann ikarejea mbele ya kanisa kuu. Mwaka 1996 mji wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Sisi wa Afrika Mashariki si wageni wa somo hili. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na watalii waliokuwa wakizuru nchi zote mbili kwa safari moja wakakatiwa njia. Mpaka haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Leo msafiri anaweza kutoka Nairobi au Kampala kwenda Zanzibar, akasikiliza muziki wa Sauti za Busara katika Ngome Kongwe, na kesho yake akazipitia njia nyembamba za Mji Mkongwe. Uhuru huo una historia, na wapo waliowahi kuukosa.

Basi methali yetu ina sharti lisilotamkwa: mwenyeji hupona iwapo tu mgeni ameruhusiwa kufika, na mwenyeji mwenyewe ameruhusiwa kubaki. Sharti la kwanza liliivunja biashara ya Salzburg mwaka 1933. La pili likaivunja heshima yake mwaka 1938.

Maswali ya kutafakari: Je, mji unaotegemea wageni wa nchi moja tu ufanye nini ili usitikiswe na ugomvi wa serikali? Na je, msanii ana wajibu wa kukataa kutumbuiza mahali ambapo wenzake wamefukuzwa? Jadili na wenzako kwa Kiswahili, ukitoa mifano.