Cheo Bila Jina

Tarehe 19 Februari 1777, Kongresi ya Marekani iliteua Meja Jenerali watano wapya: Stirling, Mifflin, St. Clair, Stephen na Lincoln. Dola yenyewe ilikuwa haijatimiza mwaka tangu kujitangazia uhuru. Wanne kati ya hao walikuwa mabrigedia waliopata ubrigedia wao baada ya Benedict Arnold. Wa tano, Lincoln, alitoka katika mgambo wa Massachusetts. Arnold alikuwa amevuka misitu ya Maine na kikosi kilichoshikwa na njaa, akajeruhiwa mguu mbele ya kuta za Quebec siku ya mwisho ya mwaka 1775, kisha Oktoba 1776 akapigana na manowari za Waingereza katika Ziwa Champlain kwa vyombo vilivyoundwa harakaharaka, akawapotezea maadui msimu mzima. Naam, huyo ndiye aliyerukwa.

Hoja ya Kongresi ilikuwa ya hesabu. Idadi ya majenerali ifuate idadi ya askari wanaotolewa na kila jimbo, na Connecticut, kwao Arnold, tayari ilikuwa na wawili. Lakini nyuma ya hesabu ile palikuwa na khofu. Wajumbe walikuwa wamesoma habari za Cromwell, wakajua jinsi jemadari anavyoweza kugeuka bwana wa waliomtuma. John Adams alifika hadi ya kutaka majenerali wachaguliwe upya kila mwaka. Katika barua aliyomwandikia mkewe Mei ile ya 1777, alilalama kuwa amechoshwa na magomvi ya maofisa, akawafananisha na mbwa na paka, na na kima wanaogombea kokwa.

Tashbihi hiyo inachekesha, ila sidhani kama ilikuwa ya haki. Tuwatazame watu wenyewe. Henry Knox, mkuu wa mizinga, alikuwa muuza vitabu mjini Boston. Nathanael Greene alitoka katika kiwanda cha kufua chuma. Arnold aliuza dawa, akamiliki merikebu za biashara. Hawakuzaliwa na ubwana kama maofisa wa mfalme wa Uingereza, na mshahara wao ulikuwa wa noti zilizopungua thamani kila mwezi. Walichokuwa nacho ni karatasi moja yenye jina, cheo na tarehe. Tarehe ndiyo iliyoamua nani atoe amri na nani aitii pale wawili wenye cheo kimoja wanapokutana. Katika lugha yetu cheo ni daraja, na pia ni kipimo. Kwa watu wale maana hizo mbili zilikuwa kitu kimoja.

George Washington alilifahamu jambo hilo kwa kulionja. Mwaka 1754, alipoambiwa kuwa atashushwa kutoka ukanali hadi ukapteni, alijiuzulu. Alipokuwa kanali tena wa jimbo la Virginia, kapteni mmoja aitwaye Dagworthy alikataa kumtii kwa kuwa yeye aliwahi kushika hati ya mfalme. Washington akapanda farasi mapema mwaka 1756, akaenda hadi Boston kumtafuta mkuu wa majeshi atakayekata shauri. Kwa hiyo aliposikia yaliyompata Arnold, hakumdhihaki. Alimwandikia mjumbe mmoja wa Kongresi kuuliza kama jina lile limesahauliwa tu, na akamsihi Arnold asifanye jambo la pupa.

Wiki ileile ya Februari alirukwa mwingine. Kanali John Stark wa New Hampshire, aliyepigana Bunker Hill, Trenton na Princeton, alimwona Enoch Poor, kanali mwenzake wa jimbo lilelile, akipewa ubrigedia. Stark akajiuzulu mwezi Machi, akarudi shambani. Kiangazi, majeshi ya Burgoyne yaliposhuka kutoka Kanada, New Hampshire ikamwomba arudi. Alikubali kwa sharti moja: awe chini ya jimbo lake tu, asiamriwe na Kongresi wala majenerali wake. Lincoln, mmoja wa wale watano, akamtaka awapeleke askari wake kwenye jeshi kuu. Stark akakataa. Tarehe 16 Agosti 1777, karibu na Bennington, aliwakabili askari ambao Burgoyne aliwatuma kutafuta chakula na farasi. Takriban 200 wakauawa na 700 wakatekwa. Huku Kongresi, bila ya habari hizo kuifikia, ilikuwa ikipitisha azimio la kuukemea msimamo wake. Mwezi Oktoba ikampa shukrani, na ubrigedia.

Wapo wanaoisoma kadhia hii kama ushahidi kwamba Stark alikuwa na haki. Mimi naona alikuwa na bahati. Lau Burgoyne angepita njia nyingine, leo tungemsoma Stark kama mtu aliyekaa na kinyongo chake huku wenzake wakiuawa.

Arnold naye alipewa umeja jenerali mwezi Mei, baada ya kupigana karibu na Danbury na farasi wake kuuawa. Kongresi ikamzawadia farasi mwingine. Tarehe ya zamani ikamnyima, hivyo wale watano wakabaki juu yake. Julai akaandika barua ya kujiuzulu, kisha akaenda kaskazini kwa ombi la Washington. Huko, karibu na Saratoga, aligombana na Jenerali Gates hadi akavuliwa uongozi wa kikosi. Tarehe 7 Oktoba alitoka hemani bila ya cheo chochote cha kumpa ruhusa ya kuamrisha, akaingia vitani, na askari wakamfuata. Risasi ikampata mguu uleule wa kushoto uliojeruhiwa Quebec. Baada ya ushindi huo Ufaransa iliingia vitani upande wa Marekani, na Kongresi ikakubali hatimaye kumrudishia Arnold ukubwa wake.

Hati mpya ilimfikia mapema mwaka 1778, angali akiuguza mguu. Septemba 1780 ilibainika kwamba alikuwa akiiuza ngome ya West Point kwa Waingereza. Kulikuwa na madeni pia, na mashitaka ya matumizi mabaya ya madaraka mjini Philadelphia, na tamaa ya fedha. Hati iliyochelewa haitoshi kueleza kitendo kile.

Mwaka 1887 paliwekwa jiwe pale Saratoga, mahali alipoangukia. Limechongwa kiatu kirefu cha mpanda farasi, kiatu kimoja, cha mguu wa kushoto. Maandishi ya nyuma yanamsifu askari hodari kupita wote katika jeshi lile, aliyejipatia hapo cheo cha Meja Jenerali. Cheo kimeandikwa. Jina halimo.