Jumatano za Ndege, na Kiota Kilichofichika Miaka Mia

Mwaka 2021 ilitimia miaka 50 tangu Bi Fleur Ng'weno alipoanza kuwaongoza watu, kila Jumatano asubuhi, kwenda kutazama ndege katika viunga vya Nairobi. Na kwa kuwa matembezi hayo yangali yakiendelea, na kwa kuwa hadi leo hawakosekani watu, hata wenye elimu na vyeo, wanaoyahesabu kuwa ni anasa ya wageni wasio na shughuli, nimeona ni wajibu kuieleza historia yake kama inavyosimuliwa na jumuiya iliyoyaanzisha, ili ijulikane ni faida gani nchi hii imeipata kwa watu wachache waliokuwa wakitembea taratibu, darubini shingoni na daftari mkononi, wakiandika kila ndege waliyemwona.

Jumuiya yenyewe ni kongwe kuliko dola ya Kenya. Iliundwa Nairobi mwaka 1909, miaka kumi tu baada ya reli kufika mahali palipokuwa kinamasi, ikaitwa Jumuiya ya Elimu ya Viumbe ya Afrika Mashariki na Uganda. Na miongoni mwa watu wake wa mwanzo walikuwamo Frederick Jackson, ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Uganda, C. W. Hobley, ofisa mkubwa wa serikali ya kikoloni, na Kasisi Kenneth St. Aubyn Rogers, mmishonari aliyeshughulika zaidi na vipepeo. Mwaka uliofuata wakaanzisha jarida lao na jumba dogo la makumbusho, mahali pale pale ambapo leo limesimama jengo la Nyayo.

Lakini sharti ieleweke kwamba maarifa ya zama zile yalitafutwa kwa bunduki. Ndege asiyejulikana alipigwa risasi, akachunwa, ngozi yake ikajazwa pamba, na kibandiko kikafungwa mguuni mwake kilichoandikwa mahali, tarehe, na jina la bwana aliyemleta. Ama jina la Mwafrika aliyejua ndege yule hulala mti gani na huja kunywa maji saa ngapi, ambaye aghalabu ndiye aliyeongoza njia na ndiye aliyechuna, hilo ni adimu mno katika vibandiko hivyo, na mimi nahesabu kuwa ni deni ambalo elimu ya ndege katika nchi yetu haijalilipa. Jackson alikusanya na kuandika kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1929 bila ya kukiona kitabu chake kikubwa cha ndege wa Kenya na Uganda, kilichokamilishwa na W. L. Sclater na kutolewa mwaka 1938 katika majuzuu matatu. Jina lake limebaki kwa kweche wa Jackson, ndege wa nyanda za juu, ambaye dume lake, mvua zinyeshapo, huvaa weusi na mkia mrefu, likawa linarukaruka juu ya nyasi kutwa nzima kuwaita majike.

Makumbusho yakahama, yakajengewa jumba la Coryndon lililofunguliwa mwaka 1930 kilimani. Uhuru ukaja, jumba likawa Makumbusho ya Taifa. Na jumuiya, ambayo siku hizi hujulikana zaidi kwa jina la Nature Kenya, ikabaki papo hapo na vitabu vyake.

Hata ulipofika mwaka 1971 ndipo lilipotokea jambo ambalo kwa siku zile lilionekana dogo. Bi Fleur, mke wa marehemu Hilary Ng'weno, yule mwandishi mashuhuri aliyeasisi jarida la The Weekly Review, na ambaye mwenyewe baadaye alihariri jarida la watoto lililoitwa Rainbow, alianza kuwakutanisha watu penye Makumbusho siku ya Jumatano asubuhi. Utaratibu haukuwa na mashaka: watu hukutana saa tatu kasorobo, huafikiana waende upande gani, mwenye gari humpakia asiye nalo, wakafika msituni au bwawani au katika bustani ya mtu aliyewaruhusu, wakatembea, wakasikiliza, na kila ndege aliyetambuliwa akatiwa katika orodha. Hapakuwa na mtihani wa kuingia wala sharti la kuwa mtaalamu. Aliyekuja hajui kumpambanua chozi na kwera, aliambiwa atazame mdomo, atazame mkia, asikilize sauti, na Jumatano ya pili akaulizwa.

Nasema jambo hili ni kubwa kuliko lilivyoonekana, kwa sababu hapo ndipo elimu iliyokuwa mali ya maofisa na walowezi ilipofunguliwa mlango ukabaki wazi. Vijana wa Kenya waliokuja kuwa wataalamu wa ndege, na waongozaji wa watalii ambao leo wanaajiriwa kwa ujuzi wa macho na masikio yao, wengi walipita katika matembezi haya, wakajifunza bila ya kutozwa karo ya chuo. Bunduki ikawekwa chini, na mahali pake pakashikwa na saburi. Maana mtu anayetaka kumjua ndege aliye hai hana budi kumrudia tena na tena, mwaka baada ya mwaka, mpaka ajue sio sura yake tu, bali na desturi zake.

Na majira matukufu kuliko yote kwa watu hawa ni Machi na Aprili, wakati masika yanapopiga huku kwetu na machipuo yanapoanza huko kaskazini ya dunia. Katika wiki hizo hukutana misafara miwili. Wageni waliokuja kukimbia baridi, mbayuwayu, keremkerem, korongo weupe na ndege wengi wadogo wa vichakani, hushika njia ya kurudi Ulaya na Asia kuzaa, wakipita juu ya Nairobi makundi kwa makundi. Na wakati huohuo madume ya wenyeji, akina kweche na kwera, huvua manyoya yao yaliyofifia na kuvaa manjano, mekundu na meusi, wakaanza kusuka viota. Mtu akitaka kujiunga na chama hiki, mimi ningemshauri aingie wakati huo, ijapokuwa atarudi nyumbani viatu vimejaa tope, kwa sababu katika matembezi mawili ya masika atajifunza yale ambayo katika kiangazi yangemchukua miezi.

Ilikuwa pia katika mwezi wa Machi ndipo lilipotatuliwa fumbo ambalo kwangu ndilo fahari ya historia hii yote, na mahali pake si Nairobi, bali ni pwani, katika jimbo la Kilifi.

Yupo kwera, au mnana kama wasemavyo wazee wa pwani, aitwaye kwera wa Clarke, ambaye duniani kote haonekani ila katika Kilifi: katika msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio nyuma ya magofu ya Gede, na katika misitu ya Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki, juu ya Malindi. Ndege huyu alielezwa kitaalamu mwaka 1913. Alijulikana umbo lake, ilijulikana kwamba hupenda kupita katika vilele vya mirihi pamoja na ndege wa aina nyingine, na ilijulikana kwamba katika miezi fulani huhama Sokoke, asionekane hata mmoja. Lakini kiota chake hakuna aliyekiona. Vizazi vya wataalamu vilipita, vitabu vikaandikwa na kurudiwa, na kila kitabu kikasema neno lilelile, kwamba kiota hakijulikani, huenda kimefichwa juu kabisa katika majani ya mirihi. Basi waliokitafuta wakawa wanainua nyuso zao juu.

Kabla fumbo halijatatuliwa, Dakatcha ilikuwa nusura iangamizwe. Kampuni ya Kitaliano iliomba hekta 50,000 za ardhi hiyo, iliyokuwa chini ya Baraza la Malindi, ili ipande mibono ya jatrofa, ambayo mafuta yake yangepelekwa Ulaya kuendeshea mitambo, yakaitwa mafuta safi. Mgogoro uliozuka haukuwa mdogo. Walikuwako Wagiriama wenye vijana wasio na kazi, walioahidiwa ajira, na ambao hapana haki ya kuwalaumu; na walikuwako wengine, walioona kwamba ardhi ya mababu, yenye makaburi na makaya na malisho na miti ya dawa, ikifyekwa haitarudi, nao wakaipinga kampuni mikutanoni, na watu wa kijiji kimoja wakawa hawasemezani. Nature Kenya ilisimama na hawa wa pili. Pamoja na mashirika mengine ikatoa mwaka 2011 hesabu iliyowashangaza waliokuwa wakiusifu mradi, yaani kwamba ukihesabu msitu utakaokatwa na kuchomwa, mafuta hayo yangeichafua hewa kati ya mara mbili unusu na mara sita zaidi ya mafuta ya kawaida yachimbwayo ardhini. Kampuni ikapunguza ombi lake, ikataka hekta 10,000 za majaribio. Mwishowe mamlaka ya mazingira ya taifa ikaukatalia mradi idhini.

Hapa napenda msomaji asimame kidogo. Hoja ya hewa ilikuwa na nguvu, lakini Dakatcha isingekuwa na mtetezi yeyote mbali na wenyeji wake kama isingalikuwa imekwisha kuandikwa katika orodha za mahali muhimu kwa ndege, na orodha hizo hazikushuka kutoka mbinguni: ziliandikwa na watu waliotembea, wakahesabu, wakalinganisha, watu wa namna ileile ya wale wa Jumatano. Anayeuliza faida ya kuhesabu ndege, jawabu lake ni hekta 50,000.

Na mwaka 2013, mwezi wa Machi, ikiwa imetimia karne kamili tangu ndege yule aandikwe, wenyeji wa Dakatcha waliokuwa wamefunzwa kuutazama msitu wao, wakifuatana na watu wa Nature Kenya, akiwamo Bi Fleur Ng'weno mwenyewe, walifika penye bwawa la mvua, kinamasi cha msimu ambacho katika kiangazi mtu angekipita asijue kuwa ni bwawa, wakawakuta kwera wa Clarke, madume na majike, wakisuka viota vyao katika ndago, karibu na uso wa maji. Havikuwa juu ya mirihi. Kwa miaka mia watu walikuwa wamevitafuta angani, ilhali vilikuwa chini, katika majani ambayo mbuzi hupita akayala. Si taabu kufahamu kwa nini havikuonekana, kwani bwawa hujaa mvua ikitaka, na mwaka usio na mvua hapana bwawa wala kiota, na wakati wa mvua ndio wakati ambao barabara za Dakatcha hazipitiki.

Ugunduzi huu ulipaswa kutangazwa katika kila darasa la Kilifi. Mwanafunzi wa Malindi anafundishwa simba na tembo, ambao wako katika nchi kadha wa kadha, lakini hafundishwi kwamba yupo ndege asiyepatikana popote katika ulimwengu ila katika jimbo lake, na kwamba miongoni mwa walioifichua siri yake walikuwamo wakulima wa nyumbani kwao. Badala yake makaa ya Dakatcha huingia mijini kwa magunia, mirihi inaondoka, mashamba ya mananasi yanaenea, na kila mwenye kuulizwa hujibu kwamba ni njaa. Nami siikatai njaa, ila nasema kwamba pale Gede, tangu mwaka 1993, mradi wa Kipepeo umewawezesha wakulima wanaopakana na Sokoke kufuga viwavi wa vipepeo na kuwauza ng'ambo wakiwa pupa, na kwa hiyo yajulikana kwamba msitu uliosimama waweza kumlisha mtu, ikiwa serikali ya jimbo itatia nia na fedha kama wafadhili walivyotia.

Katika miaka ya karibuni Nature Kenya imeanza kununua vipande vya ardhi Dakatcha ili viwe hifadhi, na vikundi vya wenyeji vimeendelea na doria zao. Nairobi matembezi ya Jumatano hayakukoma, na yameongezewa safari ya Jumapili moja katika kila mwezi kwa ajili ya watu wa maofisini. Anayetaka kuingia na aende penye Makumbusho ya Taifa kabla ya saa tatu kasorobo, alipe ada ya uanachama, avae viatu vya kutembelea na nguo zisizong'ara, na kama hana darubini asione haya kuomba ya jirani. Masika hurudi kila mwaka, na katika Dakatcha mabwawa yaliyokwisha kuchunguzwa ni machache. Yaliyobaki yanahitaji watu wa kuyaendea kwa miguu mvua inyeshapo, na kazi hiyo haijapata watu wa kutosha.