Dawa ya Mtu Asiyeumwa

Mgonjwa humeza dawa kwa sababu maumivu humkumbusha. Mwenye afya hana wa kumkumbusha. Ndiyo maana katika historia ya majeshi kinga imekuwa ngumu kutekelezwa kuliko tiba, na askari wa jeshi na polisi walioko Arua, Koboko na kwingineko mpakani wanapaswa kuifahamu historia hiyo.

Mwaka 1943 Jeshi la 14 la Uingereza nchini Burma lilikuwa likiteketea kwa maradhi. Kwa kila askari aliyeondolewa vitani kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa ugonjwa. Dawa ya kuzuia malaria, mepakrini, ilikuwapo, lakini uvumi ulienea kwamba inaondoa nguvu za kiume. Jenerali Slim akaamuru vikosi vizima vipimwe kwa ghafla. Pale ambapo waliomeza hawakufikia asilimia 95, aliyefukuzwa ni kamanda, si askari. Baada ya makamanda watatu kufukuzwa, waliobaki walielewa. Mwaka 1944 askari wa Keya, wakiwemo wa Uganda, walipita katika bonde la Kabaw, lililojaa malaria, wakasonga mbele.

Septemba 1986, mjini Harare, Rais Fidel Castro alimweleza Rais Museveni kwamba kati ya askari 60 wa Uganda waliopelekwa Cuba kwa mafunzo, 18 walikutwa na virusi vya UKIMWI. Wakati huo kidonge cha kinga hakikuwapo. Leo kipo, nacho ni PrEP. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011, kutoka kwa wenzi 4,747 wa Kenya na Uganda, yalionyesha kwamba kidonge hicho kilipunguza maambukizi kwa asilimia 75. Lakini kwa wanawake zaidi ya 5,000 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, dawa hiyo hiyo haikufua dafu. Wengi walisema wanameza. Damu ikasema vingine, kwani dawa ilionekana katika chini ya theluthi moja ya sampuli. Wale wa kwanza walijua hali zao wawili wawili nyumbani. Miongoni mwa hawa wa pili, baadhi waliogopa kudhaniwa wagonjwa.

Wataalamu wa uchumi wanaochunguza mienendo ya watu hueleza kwamba usumbufu wa kinga huonekana leo, ilhali faida yake haionekani kamwe. Basi dawa isogezwe karibu, itolewe kwa siri, vidonge vya doria nzima vitolewe kabla ya safari, na umezaji uambatane na chai ya asubuhi. Mwaka 2024 sindano ya lenakapaviri, inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka, ilitolewa kwa wanawake 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

Gwaride la Slim haliwezi kurudiwa, maana siri ya damu ya askari ni haki yake. Kinachobaki ni msingi wake: kabla ya kumlaumu askari aliyesahau, kamanda ajiulize kama amemrahisishia kukumbuka.