Bisibisi ya nyota na mwenye simu

Jamani, juzi mdogo wangu kanicheka. Betri ya iPhone yake imechoka, nikamwambia asihangaike na fundi, fundi ni mimi. Nikatoa bisibisi yangu mpya ya umeme, inachajiwa kama simu, vichwa ishirini na kitu ndani ya kiboksi. Hakuna hata kimoja kilichoingia kwenye zile skrubu mbili za chini!

Nikajiuliza: hivi nani huwa anaamua skrubu iwe na sura gani?

Mwaka 1909 P. L. Robertson wa Canada alipata hataza ya skrubu yenye tundu la mraba. Bisibisi inakaa ndani yake bila kuteleza. Kisha Marekani, huko Portland, Henry F. Phillips akanunua wazo la John P. Thompson, akaliboresha na kupata hataza mwaka 1936. Hii ndiyo nyota tunayoijua wote. Ncha yake inajiweka katikati yenyewe, kwa hiyo mashine za kiwandani zikaweza kufunga skrubu haraka. General Motors wakaitumia kwenye magari ya Cadillac, na wengine wakafuata.

Kumbe nyota ilienea kwa sababu iliifaa kiwanda, si mimi na wewe. Lakini angalau bisibisi yake ilipatikana duka lolote.

Mwaka 2009 Apple waliweka skrubu ya petali tano kwenye betri ya MacBook Pro. iPhone 4 ilipotoka mwaka 2010 ilikuwa na nyota ya kawaida. Januari 2011 kampuni ya iFixit ikaeleza kwamba simu zilizopelekwa matengenezo kwa Apple zilikuwa zinarudi na skrubu za petali tano. Umenunua simu kwa pesa yako, halafu unafungiwa mlango! Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengeneza, maana ugomvi huu umekuwa mkubwa kuliko skrubu.

Kwa hiyo ukienda kununua bisibisi ya umeme, usianze na mota. Anza na vichwa. Kwa iPhone za kuanzia 7 ya mwaka 2016, tafuta P2 (petali tano), Y000 (ncha tatu) na PH000 (nyota ndogo). Hakikisha pia vichwa vinabadilishika, ili kesho wakibuni sura nyingine ununue kichwa tu.

Mota yenyewe iwe ya nguvu ndogo. Iache ifanye kazi ya kuzungusha, lakini mwisho kaza kwa mkono, taratibu. Na skrubu zichore kwenye karatasi kila moja ilipotoka, kwani ndefu ukiiweka tundu la fupi unaweza kuharibu bodi.

Nimeshanunua P2. Jumamosi mdogo wangu analeta simu tena, safari hii hanicheki.